Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Sumaku wa Saclay

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo Massy-Palaiseau, kusini mwa Paris, nikisubiri basi la kupandia kituo cha utafiti cha Saclay. Jamaa zangu wakisikia kwamba nafanya kazi ya resonansi ya sumaku ya viini vya atomu, hudhani ama napiga wagonjwa picha hospitalini ama nalala jirani na mabomu. Mimi ni fundi wa maabara. Natunza sumaku ya kuchunguzia muundo wa kemikali, kwa kusikiliza jinsi viini vya atomu zake vinavyoitikia mawimbi ya redio, na haitoi mionzi ya kumdhuru mtu.

Saa moja na nusu naacha nje funguo, simu na kadi ya benki, kisha nasoma kiwango cha heliamu na kuongeza nitrojeni. Sumaku yetu ina nguvu ya tesla 9.4, na protoni, yaani viini vya hidrojeni, zikiwa ndani yake huitikia mawimbi ya redio ya megahezi 400. Koili yake hupitisha umeme bila ukinzani wowote maadamu imezama katika heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Ikipata joto, heliamu huchemka kwa kishindo na gesi yake yaweza kufukuza hewa chumbani, ndiyo maana kipimo cha oksijeni hakinitoki kiunoni.

Saa nne akaingia mgeni, mkemia mwenye haraka, akitaka spektra ya kaboni, yaani mchoro wa mistari ya ishara za viini vyake, kabla ya chakula cha mchana. Kibomba chake cha kioo cha milimita 5 kilikuwa kimejazwa nusu ya kimo kinachotakiwa, kwa hiyo kila nilipousawazisha uga wa sumaku, mistari ilitoka minene na iliyopinda, naye amesimama begani pangu akiuliza kama mashine ni mbovu. Tuliongeza kiyeyushi hadi sentimita 4, mistari ikanyooka. Hapo akalalamika kwamba ishara ni hafifu. Nilimweleza kuwa katika joto la chumba, kati ya protoni milioni moja, ziada ya zinazoelekea upande wa uga juu ya zinazoelekea kinyume, ndiyo itupayo ishara, ni thelathini na kitu tu, na kwamba kaboni ni ngumu zaidi, kwa kuwa atomu inayoonekana ni kama moja katika kila mia. “Basi ongeza muda mara mbili, ishara iwe wazi mara mbili,” akasema. Hapana, bwana: uwazi mara mbili hudai muda mara nne. Alinitazama kama muuza duka aliyempandishia bei.

Udhaifu huo wa ishara ndio uliomshughulisha mwanafizikia Anatole Abragam papa hapa Saclay. Alizaliwa mwaka 1914 katika eneo ambalo leo ni Latvia, akaletwa Ufaransa mwaka 1925, vita vikamkatizia masomo, na shahada ya udaktari akaipata Oxford mwaka 1950, akiwa mtu mzima. Mwaka 1958, yeye na mwenzake Warren Proctor walionyesha kwamba elektroni, ambayo nguvu yake ya sumaku ni zaidi ya mara 650 ya protoni, yaweza kuvirithisha viini vya fuwele mpangilio wake kwa msaada wa mawimbi ya maikro, na hivyo kuikuza ishara. Alifundisha Collège de France tangu 1960 hadi 1985, na kitabu chake cha 1961 kimechakaa jalada kwenye rafu yetu. Wanaomsifu kwa milinganyo yake husahau kwamba baridi ya majaribio yake ilitunzwa na mafundi.

Heliamu iliyoahidiwa asubuhi ilifika alasiri, mgeni akanisihi nisimkatize. Nilimkatiza. Bomba la kuhamishia hupozwa kwanza mpaka ncha yake itoe ulimi mweupe mzito. Ukilitumbukiza mapema, gesi vuguvugu huichemsha heliamu iliyomo, na badala ya kujaza unapunguza. Mikono inauma ndani ya glavu, ngao ya uso inafuka jasho, macho hayabanduki kwenye kipimo, na hakuna kukaa kitako mpaka shingo ya tangi ifungwe, maana hewa ikipenya humo huganda na kuziba njia.

Giza lilikuwa limeingia niliposawazisha uga upya na kuanzisha upimaji wa usiku kucha. Nikiwa ndani ya basi ukaja ujumbe wa mkemia: je, haiwezekani kupata uwazi mara mbili ya huo? Nilimjibu kwamba inawezekana, kwa usiku nne.