Pesa ya bati ikawa nondo

Tulishuka Missenyi, mkoani Kagera, Agosti 2017, wanafunzi 14 wa chuo, kila mmoja akidhani anakwenda kujenga kanisa. Siku nne za kwanza sikushika mwiko. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikigonga tofali za zamani kwa mgongo wa panga ili udongo ubanduke. Nzima huku, vipande kule, vitasaidia kwenye jamvi.

Udongo wenyewe ulibanduka kirahisi mno, hata nikaacha kushangaa kwa nini kanisa lilianguka. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na lilizikuta nyumba nyingi za Kagera ni tofali za kuchoma zilizoshikizwa kwa tope. Kanisa la kigango hiki nalo lilikuwa hivyo hivyo. Ule ukuta wa pembetatu wa mbele uliingia ndani mzima mzima, ukafunika mabenchi. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri. Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi. Mama aliyekuwa akitupikia huimba sauti ya pili. Alinisimulia huku anamenya ndizi, hakuinua macho.

Mfuko wa pesa nilishika mimi. Chuoni tulichangisha tukisema ni za bati, na watu walitoa kwa ajili ya bati. Siku ya tano fundi akanivuta pembeni.

"Mwalimu," akasema (nasoma ualimu, basi jina likaniganda), "mkiezeka bila mkanda, mmerudisha kile kile."

Alitaka nondo nne zizunguke kuta zote juu ya madirisha, zimwagiwe zege. Bei yake ilimaliza karibu kila nilichokuwa nacho. Wazee wa kanisa hawakutaka kusikia. Siwalaumu, mwaka mzima wamesali chini ya turubai, na vuli ilikuwa inakaribia.

Mimi na umri wangu ningewaambia nini wazee wale? Nilimwomba katekista awaite tu, wamsikilize fundi. Fundi naye hakuhutubia. Alisimamisha tofali nne juu ya ubao, zikafanya kama chumba kidogo, akautikisa ubao. Zikaanguka, moja ikamkosa mzee kidole cha mguu. Akazisimamisha tena, safari hii akazifunga kamba ya katani kuzunguka juu, akakaza, akatikisa. Zilicheza zote kwa pamoja, hazikuanguka. Mzee mmoja akaomba ubao, akautikisa mwenyewe kwa nguvu kama anayegombana nao. Kisha akanigeukia: "Kanunue hizo nondo, waitu."

Kazi ngumu kwangu ilikuwa jioni, kuwaandikia wachangiaji kwamba bati zao zimekuwa nondo. Wengi walielewa. Mmoja alidai elfu kumi yake. Nikamrudishia kutoka kwenye nauli yangu, nikalala vizuri.

Baada ya hapo ni maji tu. Kiangazi kilikuwa kikali, kisima kiko bondeni, na zege likishamwagwa linataka kunyweshwa kila siku lisipasuke. Akina mama wa jumuiya walipanda na madumu mawili mawili wakati sisi vijana tunapumzika kwenye kona na moja. Mwiko niliupata siku moja kabla ya mkanda, kozi moja ya tofali upande wa sakristia. Fundi akateremsha timazi, akacheka hadi akaketi. "Mwalimu, ukuta wako unasalimia watu." Tuliibomoa pamoja, akanionyesha namna ya kuvuta uzi kwanza.

Tuliondoka mkanda umekauka, juu ni anga.

Novemba katekista alinitumia picha ya Jumapili. Bati zimefika upande wa altare peke yake, na waumini wote wamebanana huko mbele, kwaya imesimama karibu na padre kuliko inavyoruhusiwa.