Kitambaa ni kitambaa tu

"Fundi, kitambaa ni kitambaa tu. We kata."

Tangu Jumatatu maneno hayo hayanitoki. Mama ametoka hospitalini, dada ameshahama na watoto wake, cherehani kubwa imepata mota mpya, na mimi usiku nageuka kitandani na maneno ya mteja.

Alinikuta nimekiinua mbele ya dirisha nikitazama ufumaji wake. Sufu ya rangi ya majivu, pindoni imeandikwa Super 120's. Yaani kwa wastani unywele wa kondoo uliomo humo haufiki unene wa maikroni 18, na maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Sufu hiyo ilichanwa kwanza, nywele fupi zikatolewa, ndefu zikalazwa upande mmoja. Ndiyo maana uso wake ni laini, hauna manyoya. Nyuzi mbili zikasokotwa kuwa moja. Mshindio, uzi wa kukingama, ukapita juu ya nyuzi mbili za mtande, zile za urefu, ukapita chini ya mbili, na kila safari ukasogea uzi mmoja, mpaka ile mistari ya mshazari ikajitokeza. Halafu kikaoshwa, kikanyolewa, kikapigwa mvuke.

Nilikifinyanga ndani ya ngumi, nikakiachia, kikajinyoosha chenyewe. Nikageuka nimwonyeshe. Ndipo akasema vile.

Nami nikajibu nini? "Sawa, bosi."

Sawa kitu gani? Ningemwambia neno moja tu: shika. Shika kwanza, ndipo useme. Nimelisema neno hilo mara mia wiki hii, bafuni, njiani, mbele ya pasi, na yeye hayupo.

Jana akaja kujaribu koti, bado lina bandi, ile mishono ya muda, mkono mmoja haujaunganishwa. Muda wote alikuwa kwenye simu, hata kioo hakukitazama. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa ukingo wa koti, kinashuka, kinapanda, kinashuka, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mwenyewe hana habari. Kijana wangu akaona, akafungua mdomo, nikamwashiria anyamaze.

Alipokata simu akasema, "Fundi, mbona jepesi hivi?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Basi. Alipoondoka nikazifumua zile bandi taratibu, uzi mmoja mmoja, na moyo wangu mweupe kabisa.

Mama leo kala vijiko vitatu tu, akasukuma bakuli. Daktari alisema hamu ya kula itarudi baada ya siku mbili tatu. Leo ni ya tano.