Siku moja maishani mwangu: kurasa 340 za utafiti wa umma, muhtasari wa kurasa mbili

Saa 1 asubuhi

Ripoti nazisoma kuanzia nyuma. Wanaokaa karibu nami ofisini wameshazoea: nafungua viambatisho kwanza, kisha vigezo vya hesabu, kisha majedwali, na muhtasari nauacha mwisho. Kazi yangu ni kupokea ripoti za utafiti uliogharimiwa na serikali, za nishati, teknolojia na uendeshaji wa ofisi za umma, na kuzikamua zibaki kurasa mbili ambazo mkubwa fulani atazisoma ndani ya gari akielekea kikaoni.

Ya leo ina kurasa 340. Inauliza kama mitambo ya gesi asilia ipewe nafasi kubwa kuliko jua na upepo katika mpango wa umeme wa miaka 30 ijayo. Kikao ni kesho saa 3. Si kwamba watafiti wanadanganya kurasa za mbele. Mbele wanazungumza na wakubwa, nyuma wanazungumza na wenzao, na mimi napenda kusikiliza mazungumzo ya wenzao.

Saa 2

Hadidu za rejea, yaani maelekezo waliyopewa watafiti. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo inayoonyesha kama swali liliulizwa kwa haki. "Chunguza njia za kuongeza umeme" na "chunguza faida za mitambo ya gesi" ni maswali mawili tofauti, na la pili limeshajijibu kabla mtafiti hajafungua kompyuta. Safari hii swali limekaa sawa. Naangalia pia fungu la fedha limetoka wapi, na kama mshauri elekezi ana mkataba mwingine na wauza mitambo. Tamko la maslahi lipo na limesainiwa. Tusonge.

Saa 3 hadi saa 5

Hapa ndipo asubuhi yangu yote inapoishia.

Kiambatisho cha tatu, jedwali la kwanza: ufanisi wa mtambo wa gesi, asilimia 60. Namba nzuri, tena ya kuaminika kwa mitambo ya kisasa ambayo joto la moshi wake linachemsha maji na kuendesha mtambo wa pili wa mvuke. Nageuza kurasa chache nakuta kiasi cha gesi kitakachohitajika kila mwaka. Nachukua kikokotoo, narudia hesabu yao, inakubali. Ila kuna kitu hakijatulia, kwa hiyo narudi kwenye maandishi madogo chini ya jedwali.

Gesi asilia ikiungua, haidrojeni iliyomo inageuka kuwa maji, na maji hayo yanatoka na moshi yakiwa mvuke. Mvuke ule una joto lake. Ukilihesabu, gesi yako ina nishati nyingi zaidi kwenye karatasi. Ukiliacha nje, ina kidogo. Hesabu zote mbili ni halali na kila moja ina wenyewe: wahandisi wa Ulaya aghalabu huliacha nje joto la mvuke, wa Marekani hulihesabu. Kwa gesi asilia tofauti ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa haidrojeni tupu ni kubwa zaidi, megajuli 120 kwa kilo kwa hesabu moja na 142 kwa nyingine. Basi mtambo uleule wenye asilimia 60 kwa hesabu ya Ulaya unashuka hadi kama 54 kwa hesabu ya Marekani, na hakuna fundi aliyegusa hata skrubu.

Ripoti imechukua asilimia 60 kutoka hesabu ya Ulaya ikaipigia gesi iliyopimwa kwa hesabu ya Marekani. Matokeo yake gesi inayohitajika imeonekana pungufu kwa kama sehemu ya kumi, kila mwaka, miaka 30 mfululizo. Jua na upepo havinunui mafuta, kwa hiyo hitilafu hii inasukuma mizani upande mmoja tu.

Napiga simu kwa mtafiti mkuu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Leo umekwama kiambatisho cha ngapi?"

Namtajia ukurasa. Kimya, halafu nasikia akibofya. "Hiyo asilimia tumeitoa kwenye karatasi ya mtengenezaji," anasema. "Joto la gesi tumepewa na maabara iliyopima."

"Wote wawili wako sahihi, Profesa."

"Wako sahihi, ila hawajakutana." Anacheka kidogo, kisha anaahidi jedwali jipya kabla ya saa 9. Mtafiti anayepokea simu ya namna hii bila kupandisha sauti, ripoti yake inayofuata naisoma kwa moyo mweupe. Wapo wanaonijibu kwa barua ya mwanasheria.

Kabla sijainuka namalizia kigezo kingine, kile cha kupunguzia thamani ya fedha za siku zijazo. Hiki ndicho kinachoamua nusu ya ripoti za nishati duniani na ndicho kinachofichwa kwa herufi ndogo kuliko vyote. Chukua gharama ya milioni moja itakayolipwa baada ya miaka 50, tuseme ya kubomoa mtambo na kusafisha eneo lake. Kwa kiwango cha asilimia 7 kwa mwaka, ambacho mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 1992 uliagiza, gharama hiyo leo inahesabiwa kama 34,000. Kwa asilimia 3.5, kiwango ambacho hazina ya Uingereza ilikianzisha 2003 kwa miaka 30 ya mwanzo, ukikitumia hadi mwaka wa 50 inakuwa kama 179,000. Ni mtambo uleule na uchafu uleule, ila mzigo umeongezeka zaidi ya mara tano. Kiwango kikubwa humpendelea anayelipa kidogo mwanzoni na kingi baadaye, yaani gesi. Kiwango kidogo humpendelea anayelipa karibu zote siku ya kujenga, yaani jua na upepo. Ripoti yetu imetumia kiwango kimoja tu kikubwa, na haijasema kwa nini. Namwandikia Profesa aendeshe hesabu kwa viwango viwili.

Saa 6

Kikao kuhusu fungu la utafiti. Idara moja inataka ununuzi wa mfumo wa kompyuta wa kutunza majalada uingizwe kwenye bajeti ya utafiti, kwa kuwa fungu la utafiti halijakatwa na la manunuzi limekatwa. Hoja yao inatamkwa kwa ufasaha mkubwa.

Kwa bahati nzuri mambo haya yana kipimo chake. Tangu 1963 nchi wanachama wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, zina mwongozo wa kuhesabu utafiti, uliopewa jina la Frascati, mji wa Italia ambako wataalamu walikutana kuuandaa. Toleo la 2015 linataka kazi itimize masharti matano: ilenge jambo jipya, iwe ya ubunifu, matokeo yake yasiwe na uhakika tangu mwanzo, ifuate mpango na bajeti, na kilichopatikana kiweze kuhamishwa au kurudiwa na wengine. Nawauliza swali la tatu peke yake: kuna uwezekano wowote kwamba mfumo huu, baada ya kulipiwa, utathibitisha kuwa majalada hayawezi kutunzwa kwa kompyuta? Wanatazamana. Hoja inaahirishwa, maana kwenye vikao vyetu hoja haishindwi, huahirishwa.

Saa 7

Mapumziko. Macho yamefumbwa, mlango umefungwa.

Saa 8

Zamu ya hifadhi. Kila ripoti inayopita hapa inapewa namba, tarehe, jina la mfadhili na namba ya mkataba, kisha inawekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma. Inaonekana kazi ya karani, lakini utafiti wa umma usioonekana ni fedha zilizotumika mara moja, na mwakani mtu mwingine ataomba fedha kuufanya upya. Marekani ilianzisha ofisi ya kukusanya ripoti za nyuklia huko Oak Ridge mwaka 1947, na bado ipo, inaitwa OSTI, sasa ikihifadhi ripoti za utafiti wa nishati wa kila aina. Mwaka 2013 Ikulu ya nchi hiyo iliagiza mashirika makubwa yanayogharimia utafiti yaweke matokeo wazi ndani ya kama miezi 12. Agizo la 2022 likaondoa hata kungoja huko. Mimi leo nahangaika na jambo dogo zaidi: ripoti ya miaka michache nyuma ambayo Profesa ameinukuu mara nyingi, kiungo chake hakifunguki kwa sababu ofisi iliyoitoa ilibadilisha tovuti na kuyaacha mafaili ya zamani. Naipata kwenye kompyuta ya mstaafu mmoja mwenye roho nzuri. Naipa namba.

Mwenzangu wa takwimu anaingia bila hodi. "Dada, mchoro wangu wa Marekani una ugonjwa. Mchango wa jua, upepo na maji umeporomoka, na sioni sababu."

Nauliza kama ameunganisha matoleo mawili. Ameunganisha. Mwaka 2023 EIA, wakala wa takwimu za nishati wa Marekani, ulibadili namna ya kuhesabu umeme huo. Zamani kila kilowati-saa yake ilihesabiwa kana kwamba ingetokana na kuchoma mafuta, joto linalopotea likiwemo, kwa hiyo ilionekana zaidi ya mara mbili ya ilivyo. Sasa inahesabiwa umeme kwa umeme. Mabwawa hayakupungua hata tone. Anaondoka akimlaani aliyebuni mhimili wa wima.

Saa 9

Jedwali jipya limefika, dakika kumi kabla ya ahadi. Hesabu zimepangika, na picha imebadilika: kwa kiwango kikubwa cha kupunguzia thamani gesi bado inaongoza, lakini kwa mwanya mwembamba; kwa kiwango kidogo jua na upepo vinapita. Muhtasari wa awali, ule wa mbele, ulisema gesi ni nafuu. Nukta.

Hapo ndipo huikumbuka ripoti moja ya mwaka 1975. Norman Rasmussen wa chuo kikuu cha MIT na timu yake walipewa na serikali ya Marekani kazi ya kukadiria hatari za vinu vya nyuklia. Walijenga njia mpya ya kufuatilia jinsi hitilafu ndogo zinavyofuatana hadi zikawa janga, na walionya kuwa mivujo midogo na makosa ya wahudumu yana uzito kuliko watu walivyodhani. Hayo yalikuwa ndani. Muhtasari wa mbele ukalinganisha hatari ya vinu na ile ya vimondo kuangukia watu, kwa uhakika ambao hesabu za ndani hazikuwa nao. Jopo la mapitio lililoongozwa na Harold Lewis likasema mwaka 1978 kwamba muhtasari haukuwakilisha vyema kilichomo. Januari 1979, NRC, tume inayodhibiti nyuklia nchini humo, ikaukana muhtasari ule rasmi. Machi 28 mwaka huohuo kinu cha Three Mile Island kikaharibika: vali iliyokwama wazi, maji ya kupooza yakavuja, wahudumu wakasoma vibaya ishara. Ndiyo aina ya mfuatano ambayo kurasa za ndani zilikuwa zimeizungumzia. Njia ya Rasmussen inatumika mpaka leo, ila muhtasari wake haukuwa na mtetezi.

Kwa hiyo naandika polepole. Aya ya kwanza: jibu linategemea kiwango gani mtatumia, na hapa kuna majibu mawili yakiwa bega kwa bega. Sehemu ya mwisho naipa jina la chaguzi, si mapendekezo. Mtindo huo niliupenda kwa OTA, ofisi ya Bunge la Marekani iliyotathmini teknolojia kuanzia 1972, yenye bodi ya wabunge kumi na wawili waliogawanywa sawasawa baina ya vyama viwili. Ilikuwa ikieleza ukichagua hiki kitafuata hiki, na kumwachia aliyepigiwa kura achague. Bunge liliinyima fedha mwaka 1995. Ripoti zake zinasomwa hadi sasa.

Saa 10 na nusu

Msaidizi wa mkurugenzi, kwa simu.

"Ndugu yangu, nimesoma. Imekaa vizuri. Lakini Mkuu anataka namba moja."

"Zipo mbili."

"Hawezi kusimama kikaoni na namba mbili. Watamwuliza ipi."

"Ndilo swali wanalopaswa kumwuliza."

Anavuta pumzi. Namwelewa, yeye ndiye atakayekaa kando ya Mkuu maswali yakianza. Anapendekeza tuweke wastani. Namweleza kuwa wastani wa viwango viwili ni kiwango cha tatu ambacho hakuna aliyekichagua wala atakayekitetea. Anapendekeza namba ya pili iende kiambatisho. Hapo nakataa, kwa upole lakini nakataa. Mwishowe tunakubaliana: mchoro unahamia ukurasa wa pili, namba zote mbili zinabaki aya ya kwanza, na naongeza mstari mmoja unaosema kiwango cha kupunguzia thamani ni uamuzi wa kisera ambao watafiti hawawezi kuufanya kwa niaba ya kikao. Mstari huo anaupenda. Unampa Mkuu cha kusema.

Saa 11 na robo

Nimetuma. Rasimu ya kwanza ya Profesa nimeihifadhi pamoja na ile iliyosahihishwa, kila moja na tarehe yake, na maelezo ya kilichobadilika na sababu. Kuna anayeona kuweka ya zamani ni kumdhalilisha mtafiti. Profesa mwenyewe ndiye aliyeniomba niiweke. Kwenye sanduku la barua pepe kuna ripoti nyingine, ya mita janja, kurasa 212, viambatisho sita. Kiambatisho cha nne hakijaambatishwa. Nawaandikia wakilete.