Namna ya Kuchagua Kadi ya Mkopo kwa Familia Inayolala Hotelini Mara kwa Mara

Wengi wetu tunaoishi Marekani tuna ndugu na jamaa waliotapakaa katika majimbo mbalimbali, na safari zetu hupangwa na harusi, mahafali na misiba kuliko zinavyopangwa na likizo. Nyumba ya mwenyeji ikishajaa wageni, wenye watoto wadogo huenda hotelini, na mwisho wa mwaka ukijumlisha risiti utakuta kwamba fedha iliyotumika si ndogo. Kwa sababu hiyo naona suala la kadi za mkopo zinazolipa pointi za hoteli, yaani zile unazojikusanyia kila unapolipa kwa kadi na baadaye kuzitumia kulipia chumba badala ya fedha, linastahili kujadiliwa kwa utulivu, kwani matangazo yake yamejaa ahadi kubwa, ilhali hesabu zinazomhusu mteja huachiwa mteja mwenyewe azifanye.

Nianze na riba, maana bila kulimaliza hilo mengine yote hayana maana. Kadi hizi kwa sasa hutoza riba ambayo kwa kawaida huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Mtu anayebaki na deni la dola 2,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22 atalipa takriban dola 440, fedha ambayo ingetosha kulipia vyumba viwili au vitatu vya kawaida bila kuhitaji pointi hata moja. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inaitaka benki itume ankara angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya malipo, na anayelipa ankara yote kila mwezi kwa wakati hatozwi riba kwa manunuzi yake. Ndugu zetu Waislamu wanaojiepusha na riba kwa sababu za dini wengi huweka agizo kwenye akaunti ya benki ili ankara nzima ijilipe kila mwezi, na huo ni utaratibu ninaomshauri kila mtu, awe wa dini gani. Mwenye deni la kadi ambalo bado hajalimaliza, nasema kwa nia njema kabisa, asiombe kadi ya hoteli mwaka huu. Alimalize kwanza.

Baada ya hapo, wengi hukimbilia kuangalia ni kadi ipi inatoa zawadi kubwa zaidi ya kujiunga. Mimi nashikilia kwamba huo ni mwanzo mbaya. Zawadi ya kujiunga hupatikana mara moja, lakini ada ya kadi hurudi kila mwaka, na pointi 100,000 za kampuni moja zinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko pointi 60,000 za kampuni nyingine. Swali la kwanza liwe hili: katika miezi 12 ijayo utalala wapi? Orodhesha miji ambayo una hakika utaifikia, fungua ramani, kisha utazame ni hoteli za kampuni ipi zilizo karibu na ukumbi wa harusi, chuo cha mtoto au nyumba ya shangazi. Marriott ina hoteli zaidi ya 9,000 duniani, na Hilton inaifuata kwa karibu. Hyatt haifikii hata robo ya idadi hiyo, ingawa pointi zake kwa kawaida zina thamani kubwa kuliko za wenzake. IHG, yenye Holiday Inn na Crowne Plaza, inapatikana karibu kila mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Kadi nzuri ya kampuni ambayo haina hoteli mahali unapokwenda haikusaidii chochote.

Kwa wanaokwenda nyumbani, hesabu inabadilika kidogo. Dar es Salaam kuna Hyatt Regency, ambayo wenyeji bado wanaiita Kilimanjaro, na kuna DoubleTree ya Hilton kule Oysterbay. Unguja kuna Park Hyatt pale Shangani, ambayo sehemu yake imo ndani ya jengo la kale la Mambo Msiige. Nairobi, hoteli ya Hilton ya katikati ya jiji, ile yenye mnara wa duara, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2022, na InterContinental ilifungwa mwaka 2020. Lakini JW Marriott imefunguliwa Westlands, na Crowne Plaza ipo Upper Hill. Nimeyataja haya kwa makusudi. Mtu aliyekuwa akilimbikiza pointi kwa miaka mingi akiwazia hoteli moja tu ya katikati ya jiji hana wa kumlalamikia hoteli hiyo inapofungwa, na hata isipofungwa, kampuni ina uhuru wa kupandisha idadi ya pointi zinazohitajika. Marriott iliachana na jedwali lake la bei za pointi mwaka 2022, na tangu hapo idadi ya pointi hupanda na kushuka kulingana na bei ya chumba. Pointi ni za kutumika mapema.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe, na nitachukua mfano wa Houston, mji ambao Waswahili wengi wa huku tunaufahamu. Kodi ya hoteli katika jiji hilo ni asilimia 17, kwa hiyo chumba kilichotangazwa kwa dola 150 kitakugharimu dola 175 na senti 50. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha, kwa kuwa chumba kinacholipiwa kwa pointi nchini Marekani kwa kawaida hakitozwi kodi hiyo. Tuseme hoteli ya Marriott inataka pointi 35,000 kwa chumba hicho. Gawanya senti 17,550 kwa 35,000, utapata kwamba kila pointi imekulipia nusu senti. Tuseme tena kwamba hoteli ya Hyatt iliyo jirani, yenye bei hiyohiyo, inataka pointi 12,000. Hapo kila pointi imekulipia karibu senti moja na nusu.

Mtu anaweza kudhani kwamba ushindi ni wa Hyatt na mjadala umekwisha, lakini bado. Kadi ya Marriott inayoitwa Boundless hutoa pointi 2 kwa kila dola kwenye manunuzi ya kawaida, na kadi ya Hyatt hutoa pointi 1. Ukinunua vitu vya dola 1,000, kadi ya kwanza itakupa pointi zenye thamani ya dola 10 kwa mfano wetu, na ya pili itakupa zenye thamani ya takriban dola 14 na nusu. Wakati huohuo zipo kadi zisizo na ada ya mwaka, kama Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash, zinazorudisha asilimia 2 ya kila unachonunua, yaani dola 20 taslimu kwa manunuzi hayohayo, na fedha taslimu hulala hoteli yoyote, ikiwemo ile nyumba ya wageni ya mama mmoja kule Bagamoyo ambayo haijui pointi ni nini. Kwa hiyo kadi ya hoteli haifai kulipia mafuta ya gari, simu na bima ya nyumba. Ni kadi ya kulipia hoteli zake yenyewe, kisha kurudi kwenye droo.

Kama hivyo ndivyo, kwa nini uwe nayo? Jibu, kwa maoni yangu, ni vocha ya kulala bure inayotolewa kila mwaka. Kadi ya Hyatt hutoza dola 95 kwa mwaka na, kuanzia unapotimiza mwaka, hukupa vocha ya kulala siku moja katika hoteli yake yoyote ya daraja la 1 hadi la 4, kwa mpangilio wa Hyatt yenyewe, ambao hoteli ya daraja la chini huhitaji pointi chache. Marriott Boundless nayo imekuwa ikitoza dola 95 na kutoa vocha yenye uwezo wa pointi 35,000, yaani hulipia chumba kisichozidi pointi hizo, na unaweza kuiongezea kiasi cha pointi zako ili kufikia hoteli ya juu zaidi. IHG Premier hutoza dola 99 na vocha yake hufika pointi 40,000. Isitoshe, mwenye kadi hiyo akilipia siku nne mfululizo kwa pointi, ya nne haitozwi. Ukiitumia vocha ya dola 95 kwenye chumba cha Houston tulichokitaja, faida yako ni dola 80 na ushee, na inaongezeka wikiendi ya mahafali, wakati hoteli zote za karibu na chuo zinapopandisha bei. Mume na mke wenye uwezo wa kulipa wanaweza kuchukua kila mmoja kadi yake na hivyo kupata vocha mbili, ambazo zinatosha kuanzia Ijumaa ya sherehe ya kuagwa bibi harusi hadi Jumapili asubuhi.

Vocha hizo lakini zina masharti yanayohitaji umakini. Huisha muda baada ya miezi 12, hazigawanyiki, na usipofikia uwezo wake wote hurudishiwi kilichobaki. Ninaandika tarehe ya kuisha kwa vocha kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya tarehe za chanjo za watoto, kwa sababu barua pepe ya ukumbusho huzama kwa urahisi kati ya matangazo. Familia isiyo na uhakika wa kulala hotelini hata mara moja kwa mwaka isilipe ada hii. Ibaki na kadi ya asilimia 2.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likiandikwa na wale wanaohesabu pointi kwa ajili ya likizo za Maldives, nalo ni msiba. Simu ya msiba haikupi wiki tatu za kutafuta bei nzuri. Unaondoka kesho, chumba kilichokuwa dola 120 sasa ni 240, na kwenye akaunti ya benki umeshatoa mchango. Katika hali hiyo pointi chache zilizowekwa akiba husaidia sana, kwa sababu kampuni inayofuata jedwali lisilobadilika, au iliyopandisha pointi kidogo kuliko bei, inakuondolea mzigo mkubwa kwa wakati mbaya. Vyumba vya pointi pia kwa kawaida huweza kufutwa siku moja au mbili kabla bila kupoteza kitu, na hilo ni muhimu pale tarehe ya mazishi inaposogezwa kusubiri ndugu wanaotoka nje. Kwa hiyo, pamoja na kusema pointi zitumike mapema, ninaacha akiba ya kutosha siku mbili au tatu za hoteli ya kawaida. Na akaunti isiyoguswa inafutwa: Marriott, Hilton na Hyatt hufuta pointi baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote, na IHG baada ya miezi 12 kwa mwanachama asiye na hadhi ya juu, yaani cheo ambacho kampuni huwapa baadhi ya wateja wake pamoja na upendeleo fulani.

Kuhusu hadhi yenyewe sitakaa sana. Kadi ya Hilton Surpass, ya American Express, hutoza dola 150 na hukupa hadhi ya dhahabu, ambayo nje ya Marekani huja na kifungua kinywa cha bure katika hoteli nyingi za kampuni hiyo. Kwa familia inayokaa wiki nzima Oysterbay au Zanzibar hilo ni jambo la maana. Kwa familia inayolala Hampton Inn, ambayo pia ni ya Hilton, kule Ohio halina uzito huo, kwa sababu Hampton humpa kila mgeni kifungua kinywa, mwenye hadhi na asiye nayo.

Angalia pia makato mawili. Kadi nyingi zisizo za safari hutoza takriban asilimia 3 kwa malipo ya nje ya nchi, wakati kadi za hoteli nilizozitaja hapa hazitozi, na ukilipa hoteli ya dola 1,000 Nairobi tofauti ni dola 30. Halafu kuna ile ada ya mapumziko (resort fee) ambayo katika baadhi ya hoteli huongezwa juu ya bei ya chumba. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe bei yote mapema, lakini unapolipa kwa pointi, Hilton na Hyatt husamehe ada hiyo, na Marriott huendelea kuitoza.

Anayeamua kuomba ajue kwamba kadi za Hyatt, IHG na Marriott Boundless zote hutolewa na benki ya Chase, na kwamba benki hiyo kwa kawaida humkataa aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Kila ombi huacha alama kwenye taarifa zako za mikopo kwa miaka miwili, kwa hiyo anayetarajia kununua nyumba karibuni asubiri hadi mkopo wa nyumba ukamilike. Mgeni mpya asiye na historia ya mikopo nchini aanze na kadi ya amana, ambapo benki hushikilia fedha yake kama dhamana, alipe vizuri kwa mwaka mmoja au zaidi, ndipo aje huku.

Ada inapokaribia kutozwa tena, chukua vocha ya mwaka uliopita na uangalie umeitumia wapi, na chumba hicho siku hiyo kilikuwa na bei gani. Kama bei hiyo haikuizidi ada, piga simu benki kabla ya ankara kufika na uulize kama kadi inaweza kubadilishwa kuwa isiyo na ada, ili umri wa akaunti ubaki kwenye historia yako. Pointi zako hazipotei kwa kufanya hivyo, kwa kuwa zimo kwenye akaunti ya hoteli wala si ya benki. Sisi nyumbani tumebaki na kadi ya Hyatt na ya IHG kwa mwaka ujao, kwa sababu harusi mbili ziko Texas na zote mbili kumbi zake ziko karibu na hoteli hizo.