Nani alitutoa nje?

Shangazi ameshaondoka, neno lake limebaki. Mnamjua, hasemi mara mbili. Watoto wamejipanga mbele ya televisheni, yeye yuko mlangoni anavaa viatu, akasema: "Mwanangu, izime hiyo, watatoka wenyewe. Sisi nani alitutoa nje?" Nikamjibu, "Sawa, shangazi." Basi. Wiki hii tumefunga hesabu za mwaka kazini, mdogo wetu kajifungua salama, na mimi bado niko palepale: nani alitutoa nje?

Jibu la haraka ni kwamba shangazi na wenzake hawakuwa na cha kuzima. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza 1976, na Bhutan 1999. Kwa mtoto wa Bara wa enzi za shangazi, jioni ilikuwa na nje tu.

Ila jibu hilo halinitoshi. Tazama Uingereza. Mwaka 1971 televisheni ilikuwa karibu kila nyumba, na bado watoto 80 kati ya 100 wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Mayer Hillman na wenzake walipouliza tena mwaka 1990, walibaki tisa kati ya 100. Televisheni ilikuwepo mwanzo na mwisho wa miaka hiyo. Kilichofurika katikati ni magari, na wazazi wenyewe walipoulizwa sababu, hatari ya barabarani ilitajwa kuliko zote. Waholanzi waliliona hilo mapema. Mwaka 1972 wazazi walianza kuandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na mwaka 1976 sheria ikatambua mitaa ya makazi ambamo mtoto anaruhusiwa kucheza upana wote wa njia na gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Kwa hiyo shangazi, waliokutoa nje ni watoto wenzako. Walikuwa tayari nje. Kombolela haichezwi na mtu mmoja: anatakiwa wa kutafuta, wa kujificha, waliokwisha kukamatwa wakasimama kituoni, na yule mmoja ambaye bado hajaonekana, anayenyemelea kuja kuwakomboa. Wakiwa wawili tu, mchezo unakufa baada ya mizunguko michache kwa sababu akishakamatwa mmoja hakuna aliyebaki wa kumkomboa. Mtoto akitoka akakuta mtaa mtupu atarudi ndani, na hapo wala si uvivu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hayo kwa sauti ya kushinda. Halafu nikakumbuka Notel, na sauti ikashuka.

Notel ni jina la kificho la mji mdogo wa British Columbia, Kanada, uliokaa bondeni ambako mawimbi ya televisheni hayakufika hadi 1973. Tannis MacBeth Williams na wenzake waliuchunguza kabla ya televisheni kuingia na tena miaka miwili baadaye, wakiulinganisha na mji wenye stesheni moja na mwingine wenye kadhaa. Baada ya kuingia, ugomvi wa watoto uwanjani uliongezeka, wa mikono na wa maneno. Alama zao za ubunifu zilishuka, na watu walipunguza kushiriki michezo na shughuli za mji. Mitaa ilikuwa ileile. Hapo shangazi ana haki yake yote, na inanigusa kukiri kwamba neno "izime" lilikuwa na uzito kuliko nilivyolipokea.

Lina uzito zaidi kwa televisheni inayowaka bila mtazamaji. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili haitazami kwa makini, lakini kila sauti ikibadilika anainua kichwa, anaacha kilichokuwa mkononi, na vipande vyake vya mchezo vinakuwa vifupi. Mzazi naye anaongea naye kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa; wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na apate angalau dakika 180 za kujongea.

Lakini kuzima na kubaki sebuleni hakusaidii macho. Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwa wasioongezewa. Inaonekana kinachofanya kazi ni mwanga: ndani ya nyumba kwa kawaida haufiki luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga), nje hata kivulini ni maelfu, na mwanga mkali huchochea dopamini, kemikali ya mwili, kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, nayo huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Maana yake hata anayekaa tu chini ya mti anafaidika. Hilo hunifurahisha, kwa ajili ya wale wasiopenda kukimbia.

Namna ya kufanya, basi. Zima kipindi kikiisha, usikate katikati, na kabla ya hapo ondoa ile mipangilio ya kuleta kipindi kingine chenyewe. Patana na nyumba mbili za jirani saa moja ileile, ili watoto wakutane. Weka nje vitu visivyo na kazi maalumu: maboksi, kamba, matairi, mbao fupi zisizo na misumari, mchanga na ndoo ya maji. Mdenmarki C. Th. Sørensen aliona watoto wanaacha viwanja alivyowabunia na kwenda kuchezea maeneo ya ujenzi. Mwaka 1943 huko Emdrup, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kikafunguliwa kiwanja cha vitu chakavu kutokana na wazo lake. Ukishazima, nusu saa ya kwanza watoto watalalamika na kuzurura. Wazazi wengi huiwasha tena hapo, dakika chache kabla mchezo haujaanza. Wewe kaa mahali unaposikia, usiwasimamie kichwani.

Nilitaka kumpigia shangazi nimweleze. Alinitangulia yeye: kichwa kinamuuma tangu Jumanne na vidonge vya presha vinakaribia kwisha, anasema kliniki atakwenda wiki ijayo. Sijui nani atamshawishi aende kesho, wala nani atampeleka, maana mimi natoka kazini jioni.