Fungua zoezi la kwanza kabla hujatoa pesa

"Shikamoo ami, nianze na kozi gani ya kodingi?" Hiyo meseji, kodingi ndo kule kuandika programu za kompyuta, kanitumia mtoto wa kaka yangu alioko Wete, Pemba, kamaliza fomu siksi juzijuzi, na chini yake kabandika linki 11, anataka nimchagulie moja. Nikamuitikia marahaba halafu nikanyamaza siku mbili, sio maringo, nilikuwa nakumbuka pesa zangu zilivyokwenda.

Maana mie nilianza vibaya wallahi. Nilikuwa Chake Chake wakati huo nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, nikakutana na tangazo la kozi ya video za saa 40, bei dola 100 imepigwa mstari mwekundu, chini yake dola 12, na pembeni saa inahesabu kurudi nyuma, yamebaki masaa 3. Nikahangaika kama mwenye mgonjwa, kadi ya benki sina, nikatengeneza ile kadi ya kwenye simu, nikalipa zimebaki dakika 20 moyo unanidunda. Kesho yake naingia tena, saa ile ile, masaa 3, inahesabu upya. Nilicheka peke yangu.

Na kozi yenyewe wala haikuwa mbaya. Jamaa anaandika, na mie naandika hicho hicho anachoandika, narani, yaani naiendesha programu, inakubali, najiona bingwa. Nilipofika kama saa ya 6 hivi nikasema hebu nifunge video niandike kijiprogramu changu cha pale dukani, kurasa mara bei, basi, hakuna kingine. Nikakodolea macho ukurasa mtupu mpaka bando likakata. Kumbe siku zote nilikuwa kama mtoto wa chuoni anaefuatisha aya kwa sauti kubwa na herufi hazijui.

Ndo mana sasa mtu akiniuliza kozi simuulizi bei wala cheti, namwambia nenda moja kwa moja kaangalie zoezi la kwanza. Kama jibu lake lipo kwenye video lishapikwa, hapo utakula tu, kupika hutojua.

Iliyonitoa mie ni CS50, kozi ya kuanzia kompyuta ya chuo kikuu cha Harvard, anaifundisha David Malan. Bure. Na cheti cha bure kipo ukimaliza kazi zote na projekti ya mwisho, kile cha kuthibitishwa cha edX, mtandao wa kozi, ndo cha kulipia. Wiki ya sifuri unacheza na Scratch, unaburura vibloku tu, na Kiswahili kimo kwenye lugha zake. Wiki ya kwanza unatupwa kwenye C, lugha ya kuandika programu kwa maandishi, na hapo ndo watu wanapopotelea. Wanakwambia chora piramidi ya alama za reli, hizi #, kama ile ya gemu la Mario, imeegemea kulia, kwa hiyo lazima uhesabu na nafasi tupu za kushoto, na hakuna wa kukuandikia.

Siku 3 nzima yakhe. Kilichonifungua akili ni jamvi la karafuu la bibi. Usiku wa kuchambua unachukua shada, unavunja, karafuu huku makonyo kule, unachukua jengine, hivyo hivyo mpaka mashada yaishe, na hakuna anaekwambia kila shada fanya hivi, umeshaambiwa mara moja. Hiyo ndo lupu, amri moja kompyuta inairudia rudia. Na lupu ndani ya lupu, ni karafuu moja moja ndani ya shada, kisha shada shada ndani ya pakacha. Nikarudi kwenye mashine usiku ule ule, reli zikasimama.

Ila sio kila mtu nampeleka huko. Mhadhara mmoja unakwenda kama masaa 2 na Kiingereza chake cha mbio. Mtu wa taratibu aende Python for Everybody, kozi ya lugha ya Python, ya Charles Severance wa chuo kikuu cha Michigan, yule mzee anaongea kama anakunywa kahawa barazani, na kitabu chake anakitoa bure. Anaetaka kutengeneza tovuti aende freeCodeCamp, bure pia, mazoezi mengi ni ya kusoma na kuandika hapo hapo kwenye brauza kwa hiyo bando halilii sana. Video zidaunlodi penye waifai. Na programu usiziandikie kwenye simu kama unaweza kuazima laptopu hata masaa mawili kwa siku, kule kutafuta mabano kwenye kibodi ya simu ni kujitesa tu.

Basi nikampelekea CS50 maana Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. "Ami, na zile linki nyengine?" Futa zote. Wiki ya Scratch kaimaliza mbio, kanitumia paka anafukuza kunguru, kunguru kaiba samaki, nikacheka sana.

Jana usiku kanitumia picha ya piramidi yake. Imelala kushoto. Ananiuliza kakosea wapi, tiki za bluu kaziona, na sijamjibu makusudi.