Siku moja maishani mwangu: fundi wa injini za NZ za Toyota, Lubumbashi

Saa moja kasorobo asubuhi ninafungua lango la garaji yetu ndogo katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ni Julai, katikati ya kiangazi, na baridi ya alfajiri inauma vidole; lakini kwa kazi yangu baridi hiyo ni msaada, kwa sababu injini iliyolala nje usiku kucha haiwezi kuficha ugonjwa wake. Toyota Probox ya muuza mikate imefika kabla yangu. Ninamwomba mwenyewe asubiri hadi nitege sikio upande wa cheni inayounganisha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kemu zinazofungua valvu, kisha ninampungia mkono awashe. Kwa sekunde mbili hivi unasikika mlio kama wa sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, halafu kimya.

Kikaza cheni cha injini hizi husukumwa na shinikizo la mafuta, na shinikizo hilo huchelewa kidogo injini ikiwa baridi. Wapo mafundi wanaowaambia wateja kwamba cheni haiguswi maisha yote. Ni kweli kwamba haina kipindi maalumu cha kubadilishwa kama mkanda, lakini cheni inayooga mafuta meusi mwaka mzima hulika viungo vyake na kurefuka, na hapo ufunguaji wa valvu huachana na mzunguko wa pistoni. Leo ninabadilisha mafuta na filta tu, lita 3.7 kwa jumla, na kumwambia arudi tena asubuhi na mapema baada ya wiki mbili ili nisikilize upya. Filta ya hewa ninaipiga kwenye ukingo wa tofali, inatoka vumbi jekundu la kutosha kusiliba ukuta.

Saa tatu anaingia dereva wa teksi na Toyota ist yake, injini ikigonga chini kwa chini kila anapokanyaga petroli, au esansi kama tunavyosema huku. Beringi ya mkono wa pistoni imekwisha na imekwaruza krenki. Dereva anafungua buti kwa furaha.

“Papa, krenki ninayo tayari. Nimeilipia jana. Ni ya 1NZ, kama karatasi za gari zinavyosema.”

Ninakitazama kibati cha gari: NCP61. Herufi N ya mwanzo inaonyesha injini ya familia ya NZ, na ist yenye namba hiyo ilitoka kiwandani Japani na 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497. Ile ya NCP60 ilipewa 2NZ-FE ya 1,298. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani kwamba 2 lazima iwe kubwa kuliko 1, ilhali tarakimu hiyo haipimi ukubwa. Herufi za nyuma nazo zina maana: F ni kemu mbili za mpangilio wa kawaida, E ni upulizaji wa petroli unaoongozwa kwa umeme, na X, kama ilivyo katika 1NZ-FXE ya Prius ya mwaka 1997, huashiria injini ya gari la haibridi, linalotumia petroli pamoja na umeme. X hiyo ilinigharimu miaka ya nyuma. Niliuziwa injini nzima bila kusoma herufi zote, nikaifunga kwenye Probox, na ikawaka vizuri ila haikuwa na nguvu hata ya kupanda tuta, kwa kuwa kemu zake huchelewa kufunga valvu za kuingiza hewa na zinategemea mota ya umeme kufidia.

Kwa hiyo kibati hakinitoshi, hasa dereva anapokiri kwamba mwenye gari wa kwanza alibadilisha injini. Tunasugua grisi ubavuni mwa bloku, karibu na gia boksi. NZ inasomeka, lakini tarakimu iliyotangulia imepigwa patasi.

Saa nne na nusu tunaamua kupima. Injini zote mbili zina silinda za kipenyo kilekile, milimita 75; zinatofautiana katika safari ya pistoni, 84.7 kwa 1NZ na 73.5 kwa 2NZ. Tunatoa plagi zote nne, ambazo kwetu huitwa buji, ili injini izunguke kwa wepesi. Ninaingiza kijiti kirefu cha mwanzi katika silinda ya kwanza hadi kiguse pistoni, na mwanafunzi wangu anazungusha krenki kwa spana, polepole sana. Kijiti kinapanda, kinasimama, ninatia alama ya wino usawa wa tundu. Anaendelea, kijiti kinazama, kinasimama tena, ninatia alama ya pili. Rula inaonyesha milimita 74, labda pungufu ya nywele. Sihitaji usahihi zaidi ya huo, maana natafuta tofauti ya milimita 11.

Mwanafunzi wangu anapiga hesabu ya ujazo kwenye simu yake bila kuombwa. “Papa, kwa 73.5 inatoka 1,298 na kitu.”

Dereva anaitazama krenki yake kwenye buti. Muuzaji amekubali kwa simu kuibadilisha, kwa kuongezewa kidogo, jambo ambalo naona si haki kwa sababu ya 2NZ haina bei kubwa zaidi, lakini sikuwapo walipopatana.

Saa saba ni chakula: bukari, yaani ugali, na samaki wa bitoyo.

Saa nane Corolla ya NZE121 inatetemeka ikiwa imesimama, na mashine ya kusomea hitilafu inatoa P0302, yaani silinda ya pili haichomi. Kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme wa cheche, basi ninahamishia koili ya pili kwenye silinda ya tatu na kuwasha upya. Msimbo unageuka kuwa P0303. Koili moja inanunuliwa, na mteja aliyekuja akiwa amejiandaa kulipia nne anaondoka kabla ya saa tisa.

Saa kumi na moja na nusu umeme umekatika. Kwa mwanga wa simu mwanafunzi wangu anachovya brashi katika rangi nyeupe na kuandika juu ya kifuniko cha injini ya ile ist, kwa herufi kubwa zaidi ya nilivyomwambia: 2NZ.